Mafuta Siwekangi

Mkono wa Mzee Githinji uko pale pale tulipouacha Jumapili iliyopita: katikati ya sahani na mdomo, kipande cha nyama ya mbuzi kimeshikwa kwa vidole viwili.

Macho ya mzee yalikuwa kwenye mlango wa jikoni. Mlango wenyewe ulifunguka kidogo tu, lakini kidogo hicho kilitosha. Sakafuni kulikuwa na mtungi wa njano, na ubavuni mwa mtungi limechorwa ua kubwa la alizeti.

"Lile ni nini?" mzee aliuliza.

Andati aligeuka akaliona ua. 

"Ni pambo, Baba."

"Pambo la lita ishirini?"

Issack, mwenye hoteli, alifika mbio akijifuta mikono kwenye aproni. "Kuna shida, mzee?"

"Hii nyama umepika na nini?"

"Hiyo ni mbuzi fry, mzee."

"Issack!" Andati alisimama karibu aangushe kiti. "Si tuliongea jana? Si nilikuambia uchemshe?"

"Na nimechemsha! Nimechemsha ikaiva poa, halafu ndio nikafry. Sasa ulitaka nimpatie mkwe wako nyama nyeupe kama ya wodi? Uniaibishie hoteli?"

Mzee aliirudisha nyama sahanini, kando ya majani ya dhania aliyokuwa ameyatoa moja moja na kuyapanga ukingoni. Yeye na dhania hawajawahi kupatana. Akajipangusa vidole kwa kitambaa, kisha akachukua kofia yake.

"Twende, kijana. Hapa Kariobangi hakuna chakula."

Wewe uliyeazima gazeti hili kwa jirani leo, sogea nikupashe kabla hajalidai.

Andati ni fundi wa makochi kule Baba Dogo, mzaliwa wa Kaloleni, Mluhya ambaye hajawahi kuikataa chapati kwa hiari yake. Anampenda Waruguru, na Waruguru anampenda. Tatizo ni baba. Tangu Waruguru amnunulie Mzee Githinji simu ya kugusa, mzee amekuwa mwanafunzi wa daktari mmoja wa mtandaoni, Mzungu mwenye kofia ya kuchungia ng'ombe, anayehubiri kwamba mafuta ya mbegu ndiyo mama wa maradhi yote. Alizeti, soya, mahindi, pamba, hakuna linalosalimika. Mzee aliyaacha, na anaapa kwamba goti lake bovu limepona. Mimi si daktari, na goti si langu, kwa hiyo sitii neno.

Lakini marufuku ilipoingia nyumbani haikuishia kwenye sahani ya mzee. Waruguru alikuwa na jiko la chapati pale Umoja, karibu na kanisa, na watu wa Umoja wanalikumbuka mpaka leo kwa uchungu. Mzee alisema hawezi kulala nyumba moja na harufu ya mafuta. Binti akafunga biashara kwa heshima ya baba yake. Kikaango chake cha chuma, kile alichoachiwa na marehemu mama yake, alikiuza kwa mtu wa vyuma kuukuu. Andati ndiye aliyembebea. Waruguru hakulia njiani. Alilia baadaye, akidhani Andati ameshaondoka.

Na Andati alipoleta habari ya ndoa, mzee alimpa masharti mawili. La kwanza, aache mafuta ya mbegu tangu Pasaka, na aape. Akaapa. La pili, ampeleke mzee kula hotelini, chakula cha moto kilichopikwa na mtu mwingine, hapa hapa Eastlands, bila tone la mafuta hayo. "Mwanamume anayeweza kunilisha salama katika huu mji ataweza kumtunza binti yangu," alisema.

Kesho mzee anasafiri kwenda Ol Kalou kwa wazee wa ukoo. Akienda ameshiba, atawaomba tarehe ya ruracio, Andati apeleke mahari. Akienda na njaa, wazee wana mtu wao tayari, Gachanja fulani mwenye ng'ombe wa maziwa na siagi yake mwenyewe ya kupikia.

Sasa turudi barabarani, maana mzee hajala, na njaa ya mkwe si ya kuchezea.

Jua lilikuwa linawaka. Kila walipogeuka palikuwa na karai. Hapa viazi, pale mandazi, mbele kidogo bhajia, na mbele ya bhajia samaki wa Turkana wanaogelea mara ya pili, safari hii kwenye mafuta. Andati alipita mitaa hii maisha yake yote bila kuhesabu makarai. Leo aliyaona yote, na yote yalimchukiza. Ni nani aliyeamua kwamba chakula kisichokaangwa ni cha mgonjwa?

"Kuna mahindi ya kuchoma, Baba."

"Mahindi ya kuchoma si chakula. Ni kupitisha wakati."

"Mayai ya kuchemsha? Na kachumbari?"

"Niende Ol Kalou niwaambie wazee ati mkwe amenilisha yai kando ya barabara?"

Andati aliongeza mwendo. Alikuwa na hasira, na ubaya wa hasira ile ni kwamba haikuwa na pa kwenda. Huwezi kumkasirikia baba wa mchumba wako. Huwezi kulikasirikia ua la alizeti. Akapiga teke kifuniko cha chupa na kukikosa.

Ndipo wazo likamjia, na likamjia na moshi wake.

"Choma! Baba, nyama choma! Moto, nyama, chumvi. Mbegu itapitia wapi?"

Mzee alisimama. Kwa mara ya kwanza tangu watoke kanisani, uso wake ulilegea. "Hapo umesema."

Ndung'u ana bucha yake Baba Dogo, mlango wa tatu kutoka karakana ya Andati, na hao wawili ni marafiki wa kufa kuzikana. Andati alimvuta kando.

"Chumvi tu, Ndung'u. Sikia. Usiweke mafuta kwa hii nyama. Maisha yangu iko kwa hiyo grili."

"Chumvi tu, brathe. Tulia."

Wakakaa. Mbavu zikaanza kulia juu ya makaa. Mzee alivua koti, akaanza kusimulia enzi zake za lori, jinsi alivyokuwa akilala Malaba na kuamkia Mombasa, na katikati ya hadithi akamwita Andati "mwanangu". Andati alisikia vizuri. Mwanangu! Akajikuta anacheka hata pale ambapo hadithi haikuwa ya kuchekesha.

Kwa kona ya jicho akamwona Ndung'u anainua chupa ya soda.

Kifuniko cha chupa kilikuwa kimetobolewa matundu. Ndung'u aliipindua juu ya mbavu, akaitikisa mara kadhaa, na moto ukaruka juu kwa furaha.

"Hiyo chupa ina nini?" Mzee Githinji aliuliza.

"Salad tu, mzee."

Ukiwa mgeni wa Eastlands utadhani aliinyunyizia nyama kabeji na nyanya. Huku kwetu salad ni yale mafuta ya majimaji ya kupikia, yanayopimwa kwa mashine dukani. Unaenda na chupa yako, unasema nipimie salad, na hakuna anayekuletea jani.

"Ndung'u!" Andati alipiga kelele hadi mbwa wa bucha akatoka chini ya meza. "Si nilikuambia nini?"

"Uliniambia nisiweke kwa nyama. Sijaweka kwa nyama! Hiyo ni ya waya, isishikane."

"Na nyama iko wapi, Ndung'u? Nyama si iko juu ya waya?"

Ndung'u alifikiria. "Sasa hapo umenishika," akakiri.

Mzee alikuwa ameshavaa koti. Hakukasirika, na hilo ndilo lililomuumiza Andati. Alionekana kama mtu aliyetarajia hivyo tangu mwanzo.

"Nirudishe nyumbani, kijana. Nitakunywa chai."

Kijana. Cheo cha mwanangu kilikuwa kimedumu kidogo kuliko mbavu.

Andati alishika kichwa kwa mikono miwili. Palikuwa na mahali pamoja palipobaki, na alikuwa amepaficha kwa sababu alipaonea haya. Tangu siku chache baada ya Pasaka, alipopeleka kochi la mteja Dandora, alikuwa akila kwa Mama Marion. Kibanda cha mabati, mabenchi yanayoyumba, na upepo ukigeuka unakuletea salamu za jaa. Unampelekaje mkwe mahali kama hapo?

Lakini Mama Marion alikuwa amemwambia kwa mdomo wake, siku ile ya kwanza alipouliza: "Hapa kwangu mafuta siwekangi." Hata kwa chapo? "Hata kwa chapo." Na Andati aliyekuwa ameshinda njaa siku nzima, akala chapati, akarudi kesho yake, na keshokutwa. Zilimwachia mng'ao kwenye vidole, akasema ni jasho. Ukitaka kuamini jambo, msomaji, utaamini.

"Baba, kuna mahali. Ningekupeleka tangu mwanzo, ni vile niliona aibu. Ni kibanda tu. Lakini nimekula huko tangu Pasaka na sijaonja mafuta."

"Wapi?"

"Dandora. Kwa Mama Marion."

Mzee Githinji aliyekuwa ameanza kutembea alisimama kabisa.

"Dandora ni mbali."

"Si mbali, Baba. Tunachukua boda."

"Goti langu linauma."

Goti! Goti lilelile lililopona, ambalo kila Alhamisi mzee hulipeleka matembezini asubuhi nzima, akiwa amevaa raba, na Waruguru akijisifu kwa majirani jinsi baba yake anavyojitunza!

"Na kule kuna vumbi," mzee akaongeza. "Na jaa. Na nzi."

"Baba." Sauti ya Andati ilikatika. "Nimezunguka na wewe tangu kanisa litoke. Nimegombana na rafiki zangu wawili. Nipe hii nafasi moja. Ikishindikana, mpe Gachanja."

Mzee alimtazama. Halafu akatazama mbavu za Ndung'u, akameza mate. Njaa ilishinda hoja.

"Sawa. Lakini tutakaa nyuma kabisa."

Akaivuta kofia mpaka nyusi zikapotea.

Dandora walifika na vumbi lao. Mama Marion alikuwa nyuma ya bati linalotenga jikoni na wateja, ameinamia sufuria, redio ikipiga kelele za kwaya. Mzee alichagua benchi la pembeni na kuketi akitazama ukuta. Andati alidhani ni maringo.

"Agiza wewe," mzee alinong'ona.

"Kwa nini unanong'ona, Baba?"

"Nimechoka."

Andati aliagiza kwenye kidirisha: ugali, sukuma, nyama ya mchuzi. Kisha akarudi na kuinama karibu na sikio la mzee, kwa furaha ya mtu anayefichua hazina.

"Na chapo, Baba. Hata chapo zake hazina mafuta."

Mzee aligeuza uso polepole. "Hazina?"

"Hazina! Ameniambia mwenyewe. Nimezila tangu Pasaka."

Kuna mtazamo mtu huwa nao akiambiwa kwamba deni lake la mbinguni limefutwa. Ndio mtazamo uliomwingia Mzee Githinji. "Basi ongeza chapo," akasema. "Na maharagwe."

Alikula. Msomaji, alikula! Alifumba macho akitafuna. Alikunja chapati, akachota maharagwe, akakunja nyingine. Aliguna mahali ambapo watu wengine husema asante. Andati naye alikula, kwa mkono, hadi vidole vikang'aa, na moyo ukamtulia kwa mara ya kwanza siku nzima.

Mzee alijifuta mdomo.

"Kesho nikifika Ol Kalou," alianza, "nitakaa na wazee. Nitawaambia kuna kijana mmoja, si wa kwetu, lakini anajua kuheshimu tumbo la mzee. Nitawaambia wanipe tarehe."

Laiti Andati angenyamaza hapo! Angesema asante Baba, walipe, waondoke, na mimi ningekuwa natafuta hadithi nyingine ya kuwaandikia. Lakini mkamia maji hayanywi. Furaha ilimpanda kichwani, akaligonga bati.

"Mama Marion! Hebu mwambie mgeni wangu siri ya hizi chapo!"

"Wacha, wacha," mzee alisema haraka. "Usimsumbue mama wa watu."

"Siri gani, mwanangu?" sauti ikajibu kutoka nyuma ya bati, juu ya kwaya. "Si ni vile mafuta siwekangi. Mafuta ikipoa inaganda, chapo inakuwa ngumu kama soli. Mimi ni salad tu! Salad ya soya. Napimiwa hapo kwa Kadar kila asubuhi."

Kwaya iliendelea kuimba. 

Basi ndivyo ilivyokuwa. Kwa Mama Marion, kama kwa mama zetu wengi, mafuta ni yale meupe ya kuganda, ya kwenye mkebe. Yale ya majimaji si mafuta, ni salad. Aliulizwa kama anaweka mafuta, akajibu ukweli mtupu mbele za Mungu. Na Andati, mtoto wa Kaloleni, aliyetumwa salad tangu anajua kutembea, hakuuliza swali la pili.

Soya. Tangu Pasaka. Kila siku.

Simu yake ikalia mezani. Waruguru. Si sasa, mpenzi, si sasa! Andati aliifuta kwa kidole gumba ili akate, kidole kikateleza kwa mafuta, akafuta tena, mlio ukakoma. Akaitumbukiza kwenye mfuko wa shati.

"Uliapa," Mzee Githinji alisema.

"Baba, sikujua."

"Uliapa mbele yangu. Tangu Pasaka. Na umeniketisha hapa, umenilisha soya kwa mkono wako, ukisema hazina, hazina! Mtu anayenidanganya kwa tumbo langu atamdanganya binti yangu kwa mangapi?"

"Sikudanganya! Nilidanganyika!"

"Ni mamoja."

Hapo Andati alifika mwisho. Kila mtu ana mwisho wake, na wa Andati ulikuwa kwenye benchi lile la Dandora.

"Si mamoja!" Alisimama. "Si mamoja, Baba! Nimeacha chips. Nimeacha mandazi. Nimepita mbele ya kila karai la huu mtaa nikiziba pua. Wenzangu wananiita nabii. Nimefanya kila kitu ulichosema, na nimeshindwa kwa sababu ya neno moja! Sasa ulitaka niingie jikoni kwa watu nionje chupa? Katika Eastlands yote, niambie, Baba, ni wapi mtu anakula nje bila hayo mafuta? Niambie mahali pamoja!"

Mzee alifungua mdomo ajibu. Bati likasogezwa.

"Nani ananipigia kelele kwa biashara?" Mama Marion alitokea na mwiko mkononi. Alimtazama Andati. Akamtazama mzee, akainama kuchungulia chini ya kofia, na uso wake wote ukachanua.

"Eh! Kumbe ni Baba Simba!"

Mzee aliutazama ukuta.

"Baba Simba, na hukunisalimia! Leo si Alhamisi, ndio maana sikukutarajia. Simba anaendelea aje?"

"Simba ni nani?" Andati aliuliza.

"Mbwa wake! Huyu mzee anapenda mbwa, wacha tu. Kila Alhamisi asubuhi, kabla watu wa lunch hawajafika, anakuja na raba zake. Ananunuanga chapo na maharagwe za Simba. Nikimwambia nikupee ubebe, anasema hapana, anaonja kwanza hapa, asije akamlisha mbwa kitu kibaya." Mama Marion alicheka hadi mwiko ukatikisika. "Mimi hushangaa, mbwa gani huyu? Hataki dhania!"

Andati aliketi.

Aliitazama sahani ya mzee. Majani ya dhania yalikuwa yamepangwa ukingoni, moja moja.

"Baba hana mbwa," alisema polepole. "Kule kwa flati yao hawaruhusu hata paka."

Tabasamu la Mama Marion lilikauka. Wanawake wa biashara wanajua wakati wa kurudi jikoni. Akarudi, akaongeza redio.

Wanaume wawili walibaki na sahani zao. Za mwizi ni arobaini, na za Mzee Githinji zilikuwa zimeishia kwenye maharagwe.

"Tangu lini, Baba?"

Mzee alivua kofia. Bila kofia alionekana mdogo. "Nilijaribu. Mungu anajua nilijaribu. Mwezi mzima. Halafu siku moja nikitembeza goti nikapita hapa nje, nikasikia harufu."

"Harufu ya chapo."

"Ya nyumba yangu, kijana. Mama yake Waruguru alipokuwa hai."

Ingekuwa siku nyingine Andati angemhurumia. Lakini alikikumbuka kile kikaango begani mwake, uzito wake, na Waruguru akitembea kando bila kusema neno.

"Alilia, Baba."

"Najua."

"Alifunga jiko lake kwa ajili yako. Akauza kikaango cha mama yake. Na wewe kila Alhamisi..."

"Najua!" Mzee aligonga meza, kisha akashusha sauti. "Ningefanya nini? Nilishatoa neno. Mtu mzima halambi mate aliyotema. Ningeanzia wapi kumwambia afungue jiko nililomfunga mimi?"

"Ungeanza na pole."

 Mzee alikaa akichezea ukingo wa kofia. Alipoinua macho, yalikuwa macho ya dereva wa lori aliyewahi kuongea na askari wengi wa barabarani.

"Sikiliza, mwanangu." Mwanangu tena. "Wewe umekula soya tangu Pasaka na kiapo chako mdomoni. Mimi nimekula zangu. Tukianza kushtakiana hapa, nani atabaki? Jumamosi ya kwanza ya Desemba. Hiyo ndiyo tarehe. Nitawaambia wazee, na hawatanikatalia. Gachanja atabaki na ng'ombe wake. Ninachotaka ni kimoja tu. Waruguru asijue."

Andati aligeukia mlango.

Alitaka kukataa. Nawaambia kweli, alitaka. Neno la hapana lilikuwa limemfika kooni. Lakini alikuwa amechoka, msomaji, amechoka kuzunguka, amechoka kunusa, amechoka kuomba. Na tarehe ilikuwa pale mezani, karibu kama sahani ya chakula. Desemba. Waruguru amevaa shuka, amezungukwa na shangazi zake. Ni lazima mtu aharibu hayo yote kwa ajili ya chapati?

Mzee alinyoosha mkono. Ulikuwa unang'aa kwa mafuta.

Andati aliutazama. Halafu akaushika, na wake uking'aa vilevile.

"Sawa, Baba," alisema. "Hatajua."

"Nimeshajua."

Sauti ilikuwa ndogo, na ilitoka kwenye mfuko wa shati.

Andati aliitoa simu. Kioo kilikuwa na ukungu wa mafuta, na chini ya ukungu ule, jina la Waruguru, na saa ya mazungumzo bado inatembea. Hakuwa amekata. Kidole chake kilikuwa kimeteleza kikapokea.

"Waruguru," alisema. "Mpenzi, ngoja nikueleze."

"Sitaki kuongea na wewe. Wewe nimekusikia. Baba yuko?"

Mzee Githinji aliiangalia simu kama mtu anayetazama goti lake siku ya kwanza lilipovimba.

"Niko, mama," akajibu. Ndivyo alivyokuwa akimwita alipokuwa mdogo.

 Kwaya ya Mama Marion ilikuwa imezimwa. Bila shaka mama mwenyewe alikuwa ameegemea bati, anasikiliza.

"Baba, nataka kujua kitu kimoja tu," Waruguru alisema, na sasa sauti yake ilikuwa imeanza kuvunjika. "Chapati za huyo mama zina nini ambacho zangu hazikuwa nacho?"

Mzee aliisukuma sahani mbali, kana kwamba Waruguru anaiona. 

"Haya. Mwambieni asizime jiko," Waruguru alisema. "Na mnielekeze, nakuja hapo sasa hivi."